Duka Halikopi: Safari ya Mombasa Kutafuta Jina la Marehemu Baba

Tuliondoka Tanga siku ya Jumanne baada ya swala ya Alfajiri, mimi na mama yangu mzazi. Yeye alibeba kikapu cha ukili chenye maji na maandazi ya iliki. Mimi nilibeba bahasha ya kaki iliyokuwa na vitu vitatu: nakala ya cheti cha usajili wa jina la biashara, nakala ya leseni ya zamani, na picha ya watu wawili waliosimama mbele ya duka la nguo. Cheti na leseni vilisema duka lile lilikuwa la mtu mmoja. Picha ilionyesha wawili.

Naomba msomaji aniwie radhi nikianza na habari za nyumbani kwetu kabla ya kumfikisha Mombasa. Bila ya habari hizo, safari yenyewe haitakuwa na maana.

Mwaka 1986 marehemu baba na mdogo wake, yaani ami yangu, walifungua duka la leso na vikoi mjini Tanga. Mpaka wa Kenya na Tanzania, uliofungwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulikuwa umefunguliwa tena mwaka 1983, na wafanyabiashara wa kwetu walirejea kwenda Mombasa kama walivyokuwa wakienda wazee wao. Nje ya duka palikuwa na mtende uliopandwa na babu. Basi ndugu wale wakaliita Duka la Mtende. Ami ndiye aliyesafiri kwenda Dar es Salaam kuandikisha jina hilo, na kwa kuwa alikwenda peke yake, aliandikisha kwa jina lake peke yake. Baba hakuliona hilo kuwa ni tatizo. Ndugu ni ndugu.

Baba alifariki dunia mwaka 1998. Kuanzia mwezi uliofuata ami alimletea mama bahasha ya fedha kila mwisho wa mwezi, na hakuwahi kukosa. Hapakuandikwa karatasi yoyote. Mama hakuuliza, maana aliona kuuliza ni sawa na kutuhumu, na ami naye hakueleza, labda kwa kuona kwamba jambo linalojulikana halihitaji maelezo. Mwaka juzi ami naye akatangulia mbele ya haki. Allah awarehemu wote wawili.

Mahakama ya Mwanzo ilimteua mtoto mkubwa wa ami kuwa msimamizi wa mirathi. Alikusanya mali za baba yake na kuziandika orodha, na katika orodha hiyo Duka la Mtende liliandikwa zima. Hakufanya hivyo kwa hila. Cheti kilikuwa ukutani tangu hajazaliwa, na jina lililokuwamo lilikuwa la baba yake. Bahasha ile ya kila mwezi yeye aliijua kuwa ni sadaka ya baba yake kwa mjane na mayatima. Mama alipomwambia kwamba ilikuwa ni faida ya fungu lake na la wanawe, kijana aliinamisha kichwa akasema kwa adabu, "Mama mkubwa, mimi sikukatai. Lakini nitawaambia nini ndugu zangu? Nionyeshe popote palipoandikwa jina la baba mkubwa."

Hilo ndilo lililotutoa nyumbani.

Njia ya Horohoro

Kutoka Tanga hadi Horohoro ni mwendo wa zaidi ya kilomita 60, barabara ikipita kati ya mashamba ya mkonge, minazi na mihogo. Mpakani, maafisa wa nchi mbili wanakaa katika kituo kimoja, hivyo abiria hahangaiki kama zamani. Hata hivyo tulichelewa kidogo, na sababu yake ilinichekesha. Afisa aliita jina lililomo katika hati ya mama mara mbili, na mama hakuitika. Nilipomgusa bega alishtuka akasema, "Kumbe ni mimi!" Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina hilo. Yeye ni mama wa fulani, au mke wa marehemu fulani, au kwa wajukuu ni bibi tu. Mwanadamu naye ana jina la watu na jina la karatasi, na siku ya kuvuka mpaka linaloulizwa ni la karatasi.

Baada ya Lungalunga gari lilipita Ramisi kwenye miwa, likapita Msambweni na Ukunda, na kabla ya adhuhuri tukawa Likoni. Abiria hushuka wakaingia kivukoni kwa miguu pamoja na mamia ya watu wengine, wenye baiskeli, wenye mikokoteni ya machungwa, wanafunzi na wagonjwa wanaopelekwa hospitali. Mama alisimama ukingoni akautazama mji ng'ambo ya maji. Alikuwa amefika Mombasa mara moja tu, na baba, mwaka waliofungua duka.

Mtaa wa Biashara

Asiyeijua Mombasa ataonyeshwa Mtaa wa Biashara na mtu yeyote. Ni mtaa unaochepuka kutoka Digo Road, hatua chache kutoka Marikiti. Hilo Marikiti lenyewe ni mfano wa habari tunayoizungumza: wakoloni walipojenga soko lile mwanzoni mwa karne ya 20 walilipa jina la MacKinnon, lakini wakazi walichukua neno la Kiingereza la soko, wakalilainisha, wakaliita Marikiti, na jina la watu ndilo lililoshika. Ukimwambia mwenye bajaji akupeleke kwa MacKinnon huenda akakuuliza huyo ni nani.

Mtaa wa Biashara ni mji wa leso. Kila mlango umening'iniza leso kutoka darini hadi kizingitini, nyekundu, nyeusi, za manjano, na mbele ya maduka wamekaa mafundi wa cherehani ambao kazi yao ni kukata pea na kupinda. Mnunuzi hutoka dukani na leso iliyounganika, akampa fundi, na kabla hajamaliza kutazama duka la jirani imekwisha kupindwa. Wanawake hawanunui kwa haraka. Hutazama pindo, wakatazama mji, yaani ile sehemu ya katikati, kisha wakasoma jina. Maandishi ya leso huitwa jina, na leso isiyo na jina jema hubaki rafuni hata rangi yake ikipendeza namna gani.

Mama alishika leso moja akaigeuza ukingoni, akatabasamu. Palikuwa na maandishi madogo ambayo kila mwanamke wa pwani amewahi kuyaona: herufi K.H.E., na baada yake maneno "Mali ya Abdulla". "Baba yako alikuwa akinitania," alisema. "Akiniona nimeivaa, husema: leo umekuwa mali ya Abdulla, mimi nimekuwa nani?"

Herufi K.H.E. ni za Kaderdina Hajee Essak, kampuni ya Mombasa ambayo habari zake zinarudi nyuma hadi karne ya 19 inakoishia. Leso nyingi za mwanzo zilizoenea pwani hii zilibuniwa nayo, nayo ni miongoni mwa waliozoesha watu leso zenye maneno. Jina lake katika karatasi ni hilo refu, nalo si jina jepesi kwa ulimi wa mnunuzi wa Lamu au wa Pangani. Watu waliifahamu kwa jina la Abdulla. Kampuni haikushindana na watu, wala haikuliacha jina lake la karatasi. Iliyapiga chapa yote mawili, bega kwa bega, katika ukingo wa kila kitambaa. Mwenye kununua alijua anunue cha nani, na mwenye kudai alijua amdai nani.

Nilisimama pale nikaifikiria bahasha yangu ya kaki. Lau ndugu wawili wa Tanga wangefanya hivyo, tusingekuwa Mombasa siku ile.

Jina la biashara ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba ukishaandikisha jina la biashara, basi duka limekuwa kitu kinachojitegemea. Sivyo. Kampuni yenye dhima ya ukomo, ile ambayo mwisho wa jina lake huandikwa Limited, ndiyo inayohesabiwa na sheria kuwa ni nafsi mbali na wenye hisa: inamiliki, inadai na kudaiwa kwa jina lake. Jina la biashara halina nafsi. Ni kama joho. Anayelivaa ni mtu, au watu, na kila kinachofanywa ndani ya joho ni chao. Kwa sababu hiyo katika mikataba na hati za mahakama utakuta jina la mtu kamili, likifuatiwa na maneno "anayefanya biashara kwa jina la", na kisha jina la duka. Duka likidaiwa, atakayelipa ni mtu huyo, hata kwa mali yake isiyokuwa dukani.

Sheria ya kuandikisha majina haya ina historia ya kupendeza. Uingereza ilitunga yake mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Palikuwa na hofu kwamba wageni, na hasa watu wa nchi walizopigana nazo, wanafanya biashara nyuma ya majina ya Kiingereza, na mnunuzi hajui anampa nani fedha zake. Sheria haikukataza mtu kutumia jina lisilo lake. Ilichotaka ni kwamba mahali fulani, katika daftari linaloweza kufunguliwa na yeyote, paandikwe ni nani aliye nyuma ya jina hilo. Waingereza wenyewe waliifuta sheria ile mwaka 1981, lakini mfumo wake walikuwa wameshauleta katika makoloni yao. Kenya ilipata yake mwaka 1951. Tanzania Bara tunayo iliyo Sura ya 213 ya sheria zetu, na daftari lake tangu mwaka 1999 liko chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa biashara na mali, na Kenya kazi hiyo imepewa chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2015.

Kanuni yake ya msingi ni nyepesi. Ukiuza kwa jina lako halisi bila ya kuongeza kitu, hulazimiki kuandikisha. Ukiongeza au ukibuni, iwe ni Baraka, Tawakal, Amana au Mtende, unatakiwa uandikishe, na mkiwa wawili au watatu waandikwe wote. Mmoja akitoka, akiingia mwingine, au akifa mmoja, msajili aarifiwe. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaandikisha siku ya kufungua, tunakitundika cheti, na kuanzia hapo maisha yanakwenda upande wake na cheti kinabaki upande wake.

Sisi Waislamu hatukungojea mwaka 1916 ili tuambiwe haya. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inahusu kuandika madeni: mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa, kwa kuwa kufanya hivyo ni uadilifu zaidi na kunaondoa shaka. Haikusema tuandikiane na maadui tu. Lakini katika familia zetu mtu akitoa kalamu mbele ya nduguye huulizwa: kwani huniamini?

Daftari la mzee

Duka tulilolitafuta lilikuwa ndani kidogo, kwenye kichochoro. Mwenyewe ni mzee wa Kibohora, aliyevaa kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, na Kiswahili chake ni cha Mombasa hasa. Kijana wake alikuwa akifanya hesabu kwenye kompyuta. Tulitoa salamu, tukapewa viti na kahawa chungu, tukaulizwa habari za safari na za wazee. Hakuna aliyeharakisha.

"Mwatoka Tanga kwa nani?" aliuliza mwishowe.

"Duka la Mtende," alijibu mama.

Mzee alinyamaza, akafumba macho. "Mtende. Ndugu wawili. Mmoja mrefu, hasemi sana. Mmoja mcheshi, akija ni kicheko mpaka mlangoni."

"Yule mrefu alikuwa mume wangu," mama alisema, na sauti yake ikakatika. Tangu kuondoka nyumbani sikumwona akitoa chozi hadi hapo. Mtu wa mbali alikuwa amewataja wawili bila ya kuulizwa.

Nilieleza shida yetu. Mzee alimtuma kijana chumba cha nyuma, akarejea na madaftari matatu yenye majalada mekundu, yaliyochakaa pembeni na kunuka karafuu, maana waliweka karafuu kuzuia wadudu. Waliyapekua pole pole. Katika la pili, ukurasa ulikuwa na kichwa "Duka la Mtende, Tanga", mwaka 1987. Chini ya kichwa, kabla ya hesabu yoyote, palikuwa na majina mawili kamili, la baba na la ami, kila moja na saini mbele yake, na maneno kwamba kila mmoja anamdhamini mwenzake.

Nilimuuliza mzee kwa nini aliandika majina ilhali duka lilikuwa na jina lake. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Mwanangu, duka halikopi. Akopaye ni mtu. Marehemu baba yangu alinifunza: ukiandika jina la duka peke yake, siku ya kudai utakwenda kuudai ubao."

Kurasa zilizofuata zilikuwa na maisha ya baba yangu. Leso pea 60. Vikoi 20. Zimelipwa. Leso pea 100, nusu imelipwa, nusu baada ya Idi. Imelipwa. Mwandiko wake niliutambua, ile namna yake ya kuikata namba 7 katikati. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa 1998, mzigo mmoja aliousaini miezi miwili kabla ya kufa. Upande wa malipo ulikuwa mtupu.

Mama hajui kusoma hesabu za vitabu, lakini aliona ile nafasi tupu. "Hili limelipwa?" aliuliza.

Mzee alikunja uso. "Lile lilipita. Nilipata habari za msiba, nikanyamaza. Yule mdogo alipokuja tena alikuja na fedha mkononi, akanunua taslimu. Sikumkumbusha. Ni fedha ya Kenya shilingi 11,400. Ni ya zamani, bibie. Nimesamehe."

Mama alikaa kimya kwa muda. Kisha alisema maneno ambayo sikuyatarajia. "Bwana, tumekuja kwako ututolee ushahidi kwamba mume wangu alikuwa na haki katika duka lile. Ukurasa huu huu unasema alikuwa na deni. Hatuwezi kuchukua mstari wa juu tukauacha wa chini."

Mzee alisisitiza kwamba amesamehe. Mama alisisitiza kwamba warithi wapewe nafasi ya kulipa kwanza, na yeye akitaka kusamehe asamehe fedha ikiwa mkononi mwake. Hapo walikubaliana. Tulipiga picha kurasa, mzee akaandika barua fupi kwa mkono wake akaitia saini, na kijana wake akashuhudia. Tulipotoka, adhana ya Alasiri ilikuwa ikisikika, na mafundi wa cherehani walikuwa wakifunika mashine zao kwenda kuswali.

Kurejea nyumbani

Ijumaa baada ya swala tulikusanyika nyumbani kwa shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa familia aliyebaki. Alikuwapo sheikh wa mtaa, walikuwapo watoto wote wa ami, na sisi. Niliweka picha za kurasa mezani pamoja na barua ya mzee. Mtoto mkubwa wa ami alizisoma kwa utulivu, akazipitisha kwa ndugu zake.

Kabla hajasema lolote juu ya duka, mama alilitaja deni. Sheikh alitukumbusha utaratibu tunaoujua na kuusahau: mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ndicho cha warithi. Deni hili lilikuwa la watu wawili waliodhaminiana. Basi ni nani atakayelilipa?

Palikuwa kimya. Kisha yule kijana alisema, "Nusu ni yetu, nusu ni yenu."

Nadhani hata yeye alisikia alichokisema baada ya kukisema. Aliyekubali nusu ya deni amekubali kwamba walikuwako wawili. Tangu dakika ile hapakuwa tena na mabishano ya nani mwenye duka. Yalibaki mazungumzo ya hesabu, nayo hayakuwa mepesi. Ami alilihudumia duka peke yake kwa zaidi ya miaka 20, na jasho lake lilistahili kuhesabiwa. Mama alikuwa amepokea fedha za kila mwezi, nazo zilistahili kuhesabiwa pia. Sheikh alieleza kwamba kwa rai ya wanavyuoni wengi ushirika huvunjika kwa kifo cha mshirika, hivyo mwaka 1998 ndiyo iliyopaswa kuwa siku ya kupiga hesabu: fungu la baba lijulikane, mama apate thumuni yake, sisi watoto tupate yetu, kisha atakayependa kuendelea aendelee kwa makubaliano mapya. Tulichelewa. Tulichoweza kufanya ni sulhu, na sulhu ilipatikana baada ya vikao vitatu. Orodha ya mirathi ilirekebishwa mahakamani.

Fedha za mzee wa Mombasa zilipelekwa na watu wawili, mmoja kutoka kila upande. Alizipokea, akazihesabu, akaandika "imelipwa" katika ule ukurasa wa 1998, kisha akazirudisha kwa mkono wake zikanunuliwe nguo za watoto wa familia siku ya Idi.

Duka la Mtende lingalipo. Hatukulibadili jina, kwa kuwa wateja wanalijua, na jina zuri la duka ni mali kama ilivyo bidhaa. Lakini cheti kilichoko ukutani ni kipya. Kina majina manne: mawili ya watoto wa baba na mawili ya watoto wa ami. Nyuma ya kaunta kuna mkataba wa ushirika uliosainiwa mbele ya mashahidi, unaosema nani ametoa nini, nani anafanya kazi gani, faida inagawanywaje, na siku mmoja wetu akifariki kifanyike nini.

Ndugu msomaji, wapo wengi miongoni mwetu wenye maduka, mabucha, madrasa za kulipia, magari ya abiria na vibanda vya chipsi, vinavyoitwa kwa majina mazuri yenye dua ndani yake. Jiulize leo, kabla ya kulala: nikiondoka usiku huu, mjane wangu ataonyesha karatasi gani? Anayenidai atamfuata nani? Ninayemdai atamlipa nani? Ikiwa mtaji ni wa mama, au wa mke, au wa ndugu aliyeko Muscat anayetuma fedha, je, jina lake liko popote? Nenda kwa msajili ukalitazame daftari, maana liko wazi kwa kila mtu. Ikiwa lililomo silo lililo kweli, lirekebishe ungali hai. Wazee wetu walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari, nasi ilikuwa karibu itufike.

Siku ya kufungua duka upya, mama alikuja amevaa leso aliyoinunua Mtaa wa Biashara. Shangazi alimshika ukingo, akasoma, akacheka. "Leo wewe ni mali ya nani?"

"Soma vizuri," mama alijibu. "Wenyewe wameandika."

Wallahu a'alam.